UZI: Kliniki za spesholisti huku kwetu zinaendeshwa na matabibu, basi tuandikiane mipaka na wapewe haki yao

tabibu_wa_ziwa

Wadau hamjambo. Ule mjadala wa nani anafaa kukuona ukienda kliniki ya spesholisti umerudi tena, na juzi nimesoma mtu akiandika ati klinikal ofisa (ndo sisi matabibu, si madaktari) kazi yake ni malaria na kikohozi pale outpatient basi. Mimi ni tabibu, nilisoma KMTC (chuo cha mafunzo ya afya cha serikali), nikafanya intaniship, nikakaa outpatient miaka kadhaa halafu nikarudi shule kufanya diploma ya juu ya magonjwa ya watoto. Sai niko kaunti ya Kisumu na siku ya kliniki ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mimi ndo naona wale watoto. Kwa hivyo naongea kama mtu yuko ndani.

Kwa wale hawajui njia yetu, unasoma diploma miaka 3, unafanya intaniship mwaka mmoja wodini, unasajiliwa na baraza la matabibu, unafanya kazi, halafu ukitaka unarudi kusomea kitu kimoja kwa kina. Kuna wa macho, kuna wa masikio pua na koo, wa mifupa, wa dawa ya usingizi, wa ngozi na kifua, wa afya ya akili, wa watoto. Kuna pia digrii, Egerton wanafundisha, Masinde Muliro pia hapo Kakamega. Sheria inayotusimamia ni ya 2017 na kabla yake kulikuwa na ya 1988, kwa hivyo hatukuzuka jana kama uyoga.

Wacha niwaeleze kliniki ya sikoseli yenyewe, maana wengi wanadhani ni kuandika dawa ya maumivu na kusema next. Huku kando ya ziwa huu ugonjwa uko sana kwa sababu malaria imekuwa hapa vizazi na vizazi na wenye kubeba jeni moja ya sikoseli ndo walikuwa wanapona malaria kali, sasa watu wawili wa namna hio wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo mtoto awe na ugonjwa wenyewe. Mtoto akiingia kwangu kitu cha kwanza ni mizani, dawa inaenda na kilo na mtoto anakua, dozi ya mwaka jana si ya leo. Naangalia macho kama ni manjano, naangalia viganja kama vimepauka. Halafu namlaza, naweka mkono chini ya mbavu za kushoto natafuta wengu. Nikishaipata nashika mkono wa mama naweka vidole vyake palepale, namwambia hapa ndo iko leo, ukiona imeshuka ghafla na mtoto amelegea viganja vimekuwa vyeupe usingoje asubuhi, hata kama ni saa nane usiku toka nyumbani. Hio somo ya dakika mbili inaokoa mtoto, kwa sababu wengu inaweza kumeza damu karibu yote kwa masaa machache na mtoto akaenda.

Halafu kuna haidroksiyurea. Hii dawa kuna utafiti mkubwa ulifanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola ukachapishwa 2019, ukaonyesha watoto wakipewa wanapata maumivu kidogo, malaria kidogo, na vifo vinapungua. Lakini haipeanwi kama panadol. Kabla nipandishe dozi nataka hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, naangalia chembe nyeupe zile za kupigana na bakteria na naangalia chembe sahani zile za kugandisha damu, zikiwa chini nasimamisha, narudia kipimo, nikiona zimepanda naanza tena. Hii yote nafanya mimi, konsaltanti, yaani daktari bingwa wa watoto, hayuko kwenye chumba. Lakini mtoto akija mkono mmoja hauna nguvu ama mdomo umepinda, hapo mimi sikai kuangalia, ni simu kwa konsaltanti na ambulensi kwenda juu, maana hio ni stroku (kiharusi) na anahitaji kubadilishiwa damu.

Sasa hoja yangu ni hii. Kazi tunafanya. Kitu hakipo ni karatasi. Vituo vingi huku hakuna mahali pameandikwa tabibu wa watoto mwenye diploma ya juu anaruhusiwa hiki na hiki peke yake, hiki apige simu kwanza, hiki asiguse. Kila mtu anaenda na mazoea ya boss wake, boss akihama mambo yanabadilika, na kitu kikiharibika unaachwa peke yako na hata yule alikuwa anakwambia fanya tu hayuko. Nataka mipaka iandikwe na kila kliniki ya spesholisti yenye tabibu iwe na konsaltanti mwenye jina na namba anayeshika simu. Na mgonjwa aambiwe anayemwona ni nani. Hayo matatu.

mama_bondo

Asante sana kwa kuandika. Mimi nina mtoto wa sikoseli, msichana, na ile ya kuweka vidole kwa wengu nilifundishwa na tabibu si daktari mkubwa. Nilikuwa nimeshazunguka, kituo kimoja walikuwa wanampa sindano ya malaria kila akilia miguu, hakuna mtu alisema tumpime sikoseli, mtoto anavimba vidole vya mikono na miguu tukiambiwa ni baridi. Tabibu alipoona tu vile vidole akauliza kwenu kuna mtoto mwingine alikuwa hivi, nikamwambia ndio dada yangu alipoteza wawili, akapima siku hio hio.

Kwa hivyo mimi sitaki kusikia mtu anasema awe daktari ama asiwe. Nataka anayejua huu ugonjwa na awe hapo nikirudi mwezi ujao, awe anajua mtoto wangu kwa jina. Hao wakubwa unaonana nao mara moja, ukirudi ni mwingine anaanza kusoma faili kutoka mwanzo.

mo_wa_zamu

Mimi ni medikal ofisa, yaani daktari ambaye bado si bingwa, na naomba niongee bila kutukanwa. Nawaheshimu matabibu, nilipokuwa intani nimefundishwa kushona na kuweka chest tube (mrija wa kifuani) na klinikal ofisa, siwezi kukataa hio. Lakini tuwe wakweli. Sisi tunasoma miaka 6, intaniship, halafu mtu anarudi masters miaka mingine ndo aitwe spesholisti. Hio miaka ni ya kuona kitu ambacho kinafanana na kile umezoea lakini sicho. Mtoto wa sikoseli analalamika nyonga, umezoea ni maumivu ya kawaida, unampa dawa anaenda. Akirudi baada ya miezi anachechemea, kumbe kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu. Ama ni usaha ndani ya mfupa, salmonela, na kila siku ilikuwa inaitwa kraisis, yale maumivu ya kawaida ya sikoseli. Makosa yanatokea hapo.

Uingereza wamepitia haya. Wale wao wa kusaidia madaktari walikuwa wanaitwa physician associates, wakawekwa kila mahali, wagonjwa wakawa hawajui wameonwa na nani, kelele ikawa kubwa mpaka serikali ikaagiza uchunguzi. Ripoti ya Profesa Gillian Leng ilitoka Julai 2025 ikapendekeza waitwe wasaidizi wa daktari, wavae beji na nguo zinazowatofautisha, na wasione mgonjwa ambaye hajachunguzwa bado isipokuwa kwa protokoli iliyo wazi. Hio ni nchi tajiri.

Na kuna jambo la pili hamtaki kusema. Kuna madaktari wamemaliza intaniship wako nyumbani hawana kazi. Kaunti ikiona tabibu anaendesha kliniki ya spesholisti kwa mshahara mdogo, itaajiri daktari ya nini? Mnatumiwa kuficha kwamba serikali imekataa kuajiri.

tabibu_wa_ziwa

@mo_wa_zamu asante, umeongea vizuri na ya nyonga nimeichukua. Mtoto wa sikoseli mwenye maumivu ya mahali pamoja tu, yasiyoisha kwa siku chache, au ana homa nayo, huyo hafai kuandikwa kraisis akaachiliwa. Hio ndo sentensi nataka iandikwe kwa ukuta wa kliniki, na iandikwe na mtu kama wewe pamoja na mtu kama mimi.

Hio ya Leng soma vizuri lakini. Haikusema wafukuzwe, ilisema wapewe mipaka na watambulike, na ndo hoja yangu ya kwanza na ya tatu. Tofauti ni kwamba sisi hatukuletwa juzi kujaza pengo. Ukienda health centre yoyote kuanzia Muhoroni mpaka Port Victoria anayeona mgonjwa ambaye hajachunguzwa na mtu ni tabibu au sista, na ukimtoa leo hakuna daktari anakuja kesho. Wakati wa ukimwi huku magharibi nani alikuwa anaandika ARV? AMPATH, ule mpango wa kutibu ukimwi, ilianza Eldoret 2001 na zile kliniki zake za vijijini zilisimama kwa mgongo wa matabibu na manesi. Ingengojewa daktari kwa kila mgonjwa tungezika watu wengi zaidi ya wale tulizika.

Hata upande wa upasuaji tusiogope takwimu. Kuna uchambuzi ulichapishwa kwa BMJ, jarida la udaktari la Uingereza, 2011 ulilinganisha matabibu na madaktari kwa upasuaji wa kujifungua Afrika, akina mama zaidi ya elfu 16. Vifo vya mama na vya watoto havikutofautiana kwa kiwango cha kusema huyu ni hatari. Lakini vidonda kuingia wadudu na kufunguka vilikuwa vingi zaidi upande wa matabibu, na hio sifichi, hio inakwambia mahali pa kuongeza mafunzo ni kushona na usafi wa kidonda. Malawi na Msumbiji wamefundisha watu wasio madaktari kufanya upasuaji tangu miaka ya 80 na hawajaacha.

Kuhusu ajira niko na wewe kabisa. Daktari kukaa nyumbani na wodi ziko tupu ni aibu ya walioko ofisini. Lakini usinifanye mimi ndo sababu. Hata sisi matabibu tumejaa nyumbani, na mgomo wa KUCO, chama chetu cha matabibu, wa 2024 ulianza Aprili ukapita miezi mitatu, kati ya mambo tuliyokuwa tunadai ni hayo hayo ya ajira na mkataba kuheshimiwa.

sista_renal_nax

Naomba nilete upande wa manesi maana mnaongea kama tuko wawili tu. Niko Nakuru, renal, yaani kitengo cha figo. Nilifanya diploma ya juu ya figo baada ya kukaa wodi ya medikal. Daktari wa figo anakuja raundi, anaangalia mafaili, anabadilisha dawa, anaenda hospitali nyingine maana hawa madaktari ni wachache na kila mtu anawataka. Siku zingine zote mashine na wagonjwa ni sisi.

Mgonjwa wa dayalisisi, wa kusafishwa damu kwa mashine, namwona mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Najua uzito wake mkavu, yaani ule uzito akiwa hana maji ya ziada mwilini. Akipanda mizani ameongeza kilo nne najua alikuwa kwa matanga akanywa chai na soda, lakini akiwa ameongeza kidogo na bado anahema, hapo najua pengine amekonda nyama, ule uzito tulioandika miezi mitatu iliyopita si wake tena na maji yamejaa ndani bila mizani kusema. Hio nampigia daktari wa figo na tunashusha uzito pole pole, hatutoi maji yote siku moja pressure ikaanguka. Kabla ya sindano naweka kiganja juu ya fistula pale mkononi, ile mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ndo tudunge hapo, nasikia ule mtetemo, ukikosekana simdungi, fistula inaganda na ukichelewa umeipoteza, na mshipa mwingine wa kutengeneza ingine huenda hana.

Sisi kwa unit yetu tuna ile karatasi tabibu anasema. Ukurasa mmoja. Upande wa kushoto yale sista anafanya bila kuuliza, kulia yale anapiga simu, chini kabisa namba mbili za simu, ya kwanza isiposhikwa ya pili. Tuliandika na daktari mwenyewe, alikaa chini na sisi mchana mmoja tukabishana mpaka tukakubaliana. Tangu hapo hakuna mtu anaogopa kupiga simu usiku, na hakuna anayepiga kwa kitu cha bure.

Kitu kinaniuma ni mshahara. Narudi shule, najilipia karo mwenyewe, narudi na cheti, payslip iko vilevile. Halafu naweza hamishwa kesho kwenda maternity kana kwamba sikusoma figo. Hio ni hasara kwa mgonjwa kuliko kwangu.

nesi_wa_minnesota

Nimetoka Kisii, niko Marekani, nilianza kama RN (nesi wa kawaida) sasa ni NP (nesi aliyesoma zaidi, anaona wagonjwa na kuandika dawa) kwa kardiolojia, kliniki ya moyo uliochoka. Wacha niseme venye huku inaenda maana naona Uingereza imetajwa peke yake.

Huku kada mbili, NP na PA (wasaidizi wa daktari), zilianza mwaka mmoja, 1965. Jimbo la Colorado, nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver wakaanza kufundisha manesi kuona watoto mahali hakuna daktari. Chuo kikuu cha Duke, daktari Eugene Stead akachukua watu waliokuwa wametibu wanajeshi jeshini akawafundisha, hao ndo PA wa kwanza wakamaliza 1967. Sababu ilikuwa ni ile ile ya Kenya, madaktari hawatoshi na wamejazana mjini.

Kwa kliniki yetu mgonjwa mpya anaonwa na kardiolojisti. Akishajua ugonjwa ni upi na mpango ni upi, anakuja kwangu kila wiki mbili tatu. Kazi yangu ni kupandisha dawa polepole, kuangalia potasiamu na figo kila nikipandisha, kumuuliza analala na mito mingapi, kubonyeza miguu kama inabaki shimo. Hizi dawa za moyo wengi wanapewa dozi ndogo ya kuanzia halafu wanasahaulika hapo hapo, hakuna anayepandisha kwa sababu daktari mkubwa anawaona mara mbili kwa mwaka. Mimi ndo wa kupandisha. Wenzangu PA wengi wako upasuaji na mifupa, wanasaidia ndani ya thieta, wanafunga kidonda, wanafuatilia wodini.

Usimamizi unategemea jimbo. Zaidi ya nusu ya majimbo NP anajisimamia. Hapa Minnesota sheria ilibadilika 2015, lakini lazima kwanza umalize saa 2,080 ukishirikiana na mzoefu. Mimi naona hio ni busara na ningependa Kenya muichukue, mtu akitoka shule ya diploma ya juu asiachiwe kliniki Jumatatu.

Lakini pia msidhani huku ni mbinguni. Kuna shule za NP zinafundisha karibu kila kitu kwa mtandao, na kiwango cha chini cha kliniki kwa miaka mingi kilikuwa saa 500. Tabibu wa Kenya akimaliza intaniship ameshakaa wodini na thieta mwaka mzima, mikono yake imeshaona mengi. Msijidharau.

boda_kondele

Mi sio wa hospitali lakini nabeba wagonjwa kila siku nawapeleka Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, na nauliza swali la mtu wa kawaida. Nikiingia chumba nikute mtu ako na koti jeupe nitajuaje huyu ni nani? Wote tunaita daktari. Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa akiwa ni tabibu ama nitarudishwa?

mo_wa_zamu

@sista_renal_nax hio karatasi yenu ndo kitu cha maana zaidi kwa huu uzi wote. Bado sikubali tabibu aitwe spesholisti, hapo sitasonga, mgonjwa akisikia spesholisti anaelewa daktari aliyefika mwisho. Na kwa upasuaji mkubwa bado nataka daktari awe kwa jengo, si kwa simu. Lakini kliniki ya kufuatilia ugonjwa wa kudumu, sikoseli, pressure, kifafa, sukari, na karatasi kama hio ukutani, hapo sina ubishi.

tabibu_wa_ziwa

@boda_kondele swali zuri kuliko yote. Uliza tu, hakuna kosa. Sema samahani, wewe ni klinikal ofisa ama ni daktari, na umesomea nini? Anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika. Mimi nikianza na mama mpya namwambia jina, namwambia mimi ni tabibu wa watoto, na namwambia jina la konsaltanti ninayeshirikiana naye. Halafu kila tabibu ana leseni ya baraza inayofanywa upya muda wake ukiisha, inafaa kuwa ukutani, na usajili wake unaweza kuangalia kwa tovuti ya baraza.

Ya SHA ni kidonda. Tangu ichukue mahali pa NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024, KUCO wamelalamika waziwazi kwamba ule mfumo hauwatambui matabibu wakati wa kuomba idhini ya malipo. Matokeo yake mtu wa macho aliyesomea kutoa mtoto wa jicho anaweza kuwa na mikono tayari, mzee yuko kitandani, vifaa viko, na kinachongojwa ni jina la daktari kwa kompyuta. Kule kwa macho ndo inaniuma zaidi. Madaktari wa macho wengi wako Nairobi, na mzee wa Vihiga ambaye haoni shimo mbele yake hawezi kupanda gari kwenda kutafuta huko. Tabibu wa macho anamfanyia kwa chale ndogo, anaweka lenzi, kesho yake anafungua bandeji na mzee anahesabu vidole. Kwenye kambi za macho nyingi huku ndo hao wanafanya. Mipaka ikiandikwa vizuri SHA nayo itakosa kisingizio, kwa sababu itakuwa na kitu cha kuweka kwa mfumo, kada hii, cheti hiki, huduma hii, lipa.

@mo_wa_zamu jina la spesholisti sitapigania, chukua. Nijibu hii, unakuwa off lini? Kliniki yetu ni ya asubuhi, kuja ukae na mimi uone watoto, tuandike ile sentensi ya nyonga na nyingine zote za kupiga simu, halafu tumpelekee konsaltanti azikate kalamu.

@sista_renal_nax naomba piga picha ile karatasi unitumie inbox, funika namba za simu na jina la hospitali. Na kama kuna mtu mwingine Siaya, Homa Bay au Busia kliniki yake ina kitu kama hicho kimeandikwa, cha kifafa au cha sukari, weka hapa tulinganishe.